BUSTANI ZA WATU WOTE MJINI NAIROBI: FAIDA ZAKE, ADABU ZAKE NA ULINZI WAKE

Katika somo hili twataka kueleza habari za bustani za watu wote, yaani mahali pa majani, miti na maua palipoachwa wazi katikati ya mji mkubwa ili kila mtu apate kupumzika. Tumechagua mfano wa Nairobi, kwa sababu bustani zake zina historia yenye mafundisho, na kwa sababu watu wa kila upande wa Kenya hufika huko kwa kazi, kwa matibabu au kwa mashauri ya ofisini. Mwenye kukaa shamba naye asilipite somo hili. Huenda kesho yeye mwenyewe, au mwanawe, akatafuta kivuli cha kukaa huku akingoja ofisi ifunguliwe.

BUSTANI SI JAMBO GENI KWETU

Wako watu wanaodhani kwamba bustani ya mji ni anasa ya matajiri. Sivyo. Tangu zamani wazee wetu walijua kwamba haifai kila shibri ya ardhi ilimwe au ijengwe. Vijiji vingi vilikuwa na mti mkubwa ambao wazee walikutana chini yake kufanya shauri, na uwanja ambao vijana walicheza ngoma. Wakikuyu waliuheshimu mugumo, na Wamijikenda wa pwani walihifadhi misitu ya kaya. Kadha kati ya misitu hiyo iliandikwa mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mahali pa namna hiyo palikuwa pa wote, wala hakuna aliyethubutu kusema, "Hapa ni pangu."

Bustani ya mji ni vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kijijini kila mzee aliujua mpaka, na mjini watu hawajuani. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Katika somo hili tutaona kwamba daftari la bustani si karatasi za ofisini peke yake, ni watu wenyewe waitumiao na kuifahamu.

FAIDA ZA BUSTANI

Faida ya kwanza ni ubaridi. Mti hufyonza maji ardhini kwa mizizi, huyapandisha mpaka kwenye majani, na majani huyatoa hewani kama mvuke usioonekana. Maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto na kwenda nalo. Ndiyo sababu ile ile ifanyayo maji ya mtungi wa udongo kuwa baridi hata siku ya jua kali: maji kidogo hupenya nje ya mtungi, yakakauka, na yaliyobaki ndani yakapoa. Basi mtu aketiye chini ya mti hapati kivuli tu. Hupata na hewa iliyopozwa.

Faida ya pili ni kupokea mvua. Maji yaangukayo juu ya bati, saruji na lami hayana pa kuingia. Hukimbia yote mara moja kuelekea mitoni. Udongo wenye majani na mizizi huyanywa polepole. Katika miezi ya Aprili na Mei mwaka 2024 mafuriko yaliingia katika mitaa mingi ya Nairobi, watu wakafa, na nyumba zilizokuwa kandokando ya mito zikachukuliwa na maji. Bustani peke yake haziwezi kuzuia gharika kubwa kama ile, lakini kila ekari ya udongo ulio wazi ni ekari inayosaidia kunywa maji hayo.

Faida ya tatu ni afya. Mwaka 2019 wataalamu wa Uingereza walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu karibu 20,000. Waliona kwamba watu waliokaa mahali pa miti na majani kwa dakika 120 au zaidi katika juma moja walieleza zaidi kuwa wana afya njema na moyo mkunjufu kuliko wale wasiokwenda kabisa. Haidhuru kama dakika hizo zilipatikana kwa siku moja au kwa vipande vipande. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowapa afya, maana mwenye afya naye hupenda kutembea. Hata hivyo jambo hilo lastahili kufikiriwa.

Faida ya nne ni utangamano. Mtu akaaye chumba kimoja na watoto wanne hana ua wala baraza. Bustani ndiyo ua wake. Hapo mpishi na karani, fundi na mwanafunzi, hukaa katika majani yale yale, na hakuna amwulizaye mwenziwe kabila lake au mshahara wake.

BAADHI YA BUSTANI ZA NAIROBI

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ulipoanza kukua, bustani nazo zilianza.

Jeevanjee Gardens ni bustani ndogo katikati ya mji. Ilitolewa na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyi biashara aliyezaliwa Karachi, na mwaka 1906 ilifunguliwa kwa ajili ya watu wote. Wakati wa adhuhuri watu hupumzika hapo, wengine husikiliza wahubiri, na wengine hubishana juu ya mambo ya nchi.

Arboretum ni bustani ya miti iliyo karibu na Ikulu, yenye hekta zipatazo 30. (Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu.) Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti migeni, kuona ni ipi ikuayo upesi. Wakati ule magari ya moshi yalichoma kuni, na misitu ya asili ilikuwa ikimalizika. Kwa hiyo mahali palipoanzishwa kwa haja ya kuni pamekuwa mahali pa kusomea miti: mingi ina vibao vya majina, na mzazi aweza kumfundisha mwanawe huku wakitembea.

City Park, upande wa Parklands, ina hekta zipatazo 60, na sehemu kubwa ni msitu wa asili wenye kima wengi. Humo amezikwa Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965, na karibu naye rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966.

Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Hapo ndipo Katiba mpya ilipotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010. Mwaka 2021 ilifungwa ili itengenezwe upya, kisha ikafunguliwa tena.

Msitu wa Karura, kaskazini mwa mji, ndio mkubwa kuliko hizi zote, maana una zaidi ya hekta 1,000. Una mito, maporomoko ya maji, mapango, mianzi, na njia ndefu za miguu na za baiskeli. Mbega, ambao walikuwa wametoweka humo, wamerudishwa.

JINSI ZILIVYOPONEA CHUPUCHUPU

Msomaji asidhani kwamba bustani hizi zimekaa salama miaka yote. Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai alipopata habari, hakuanza kwa makelele. Alianza kwa kalamu. Aliandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine, za nchini na za nje, akiuliza kwa nini mahali pa mapumziko ya maskini pachukuliwe. Alitukanwa Bungeni, na chama chake, Green Belt Movement, kikatolewa katika nyumba ya serikali kilimokuwa na ofisi. Lakini maswali yake yaliwafikia wale waliotazamiwa kutoa fedha, wakasita, na mwishowe mpango ukaachwa. Jumba lile halikujengwa.

Mwaka 1991 ukaja mpango wa kujenga katika Jeevanjee Gardens. Jamaa za marehemu Jeevanjee, pamoja na wenyeji wengine wa mji, walisimama kuutetea urithi ule, na bustani ikabaki.

Baadaye ikawa zamu ya Karura. Mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu za msitu zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Januari 1999 Profesa Maathai na wenziwe walikwenda kupanda miti, wakapigwa na walinzi waliowekwa hapo, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao waliandamana, na ujenzi ukakoma.

Lakini angalieni jambo hili. Baada ya ushindi huo Karura haikupata raha mara moja. Watu waliendelea kuuogopa msitu kwa sababu ya wanyang'anyi, na mahali paogopwapo hapana mlinzi. Mambo yalibadilika wenyeji walipounda chama cha kushirikiana na Shirika la Misitu la Kenya. Ua ulijengwa, vijana wa vijiji vya jirani wakaajiriwa kulinda na kupanda miti, na tangu mwaka 2011 watu wamekuwa wakiingia kwa maelfu. Kwa hiyo barua na maandamano vilizuia msitu usichukuliwe, bali nyayo za watembezi ndizo zilizoufanya uwe salama. City Park yatufundisha upande wa pili: vipande vyake kadha vilimegwa kidogo kidogo. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

ADABU ZA BUSTANI

Mwenye kutaka kuifurahia bustani na ashike mambo haya:

1. Nenda na wenzako, ingia mchana, na uondoke kabla ya giza. Angalia mfuko wako kama uuangaliavyo sokoni.

2. Chukua chakula cha nyumbani, kama viazi vitamu au mahindi ya kuchemsha. Arboretum na Karura zina kiingilio. Jeevanjee Gardens haina.

3. Takataka zako ni zako. Tangu tarehe 5 Juni 2020 ni marufuku kuingia katika misitu na mbuga za hifadhi na chupa za plastiki za kutumiwa mara moja. Beba maji katika chupa idumuyo.

4. Usiwape kima chakula. Aliyezoea kupewa huanza kunyang'anya, na wa kwanza kunyang'anywa ni mtoto.

5. Usibambue maganda ya mti ukiuzunguka, hata kwa ajili ya dawa. Chakula cha mti hutengenezwa majanini, kisha hushuka mizizini kwa njia iliyo chini ya ganda. Ukiikata njia hiyo pande zote, mizizi hufa njaa na mti hukauka ungali umesimama.

6. Ukitaka kupigwa picha, patana bei kwanza.

WAJIBU WA RAIA

Kifungu cha 42 cha Katiba chasema kwamba kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Lakini haki isiyodaiwa hulala. Ukiona vigingi vya mpima ardhi au ua wa mabati ndani ya bustani, usipite ukasema, "Hayanihusu." Uliza katika ofisi ya Kaunti, au katika Tume ya Taifa ya Ardhi, na uulize kwa maandishi, ukiweka nakala ya barua yako. Sheria yataka tangazo litolewe kabla ya kubadilisha matumizi ya ardhi, na raia ana ruhusa ya kupeleka pingamizi lake.

Na kabla ya hayo yote, nenda bustanini. Mpeleke mama aliyekuja kutoka nyumbani. Wapeleke watoto wakimbie. Mtu hawezi kulinda mpaka asioujua.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini hewa iliyo chini ya mti ni baridi kuliko ile ya chini ya paa la bati?
2. Katika habari za Karura, ni jambo gani lililozuia msitu usichukuliwe, na ni jambo gani lililoufanya kuwa salama?
3. Je, kijijini kwenu au mtaani kwenu pako mahali pa watu wote? Mpaka wake ni upi, na ni nani aujuaye?