Usikipige Msasa: Namna ya Kukisoma Kisu cha Mvulana

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha yote yanayofuata. Likizo ya mwaka wa kwanza nilikikuta kisu cha kukunja ndani ya kopo la misumari nyumbani kwa babu. Kilikuwa cheusi, kina kutu, na ndani ya mpini mmejikunja vitu vinne: bapa la kukatia, kifungua kopo, kifungua chupa ambacho ncha yake ni bisibisi, na msharasi wa kutobolea ngozi. Nikaona nimfanyie mzee sapraizi. Nikanunua msasa wa buku, nikakaa barazani mchana kutwa nasugua mpaka kikang'aa kama kijiko cha harusi.

Babu akakipokea kwa mikono miwili. Akakigeuzageuza, akakisogeza karibu na macho. "Maandishi yako wapi, mjukuu wangu?"

Hayakuwepo. Nilikuwa nimeyafuta mwenyewe.

Kisu kile babu alipewa na kijana wa Kimarekani, mmoja wa kundi la kwanza la Peace Corps lililofika Tanganyika mwaka 1961, wale wapima ardhi na wajiolojia. Babu alikuwa akiwashikia mnyororo wa kupimia barabara. Kijana alikuwa nacho tangu skauti, tangu utoto wake, na siku ya kuondoka akamwachia. Jina la kijana babu analikumbuka nusu. Mji aliotoka hakumbuki kabisa. Kilichobaki kama ushahidi ni herufi chache shingoni mwa bapa, na mimi nikazimaliza kwa mchana mmoja.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za visu hivi kila nipatapo nafasi, kwanza kwa aibu, halafu kwa kupenda. Huko Marekani na Uingereza watu wanavikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu, na kuna elimu nzima ndani yake ambayo mtu wa historia au akiolojia hapa chuoni angeifurahia.

Visu vya wavulana si aina moja. Cha kale kinachojulikana zaidi ni Barlow, jina lililotoka Sheffield, Uingereza, likavuka bahari. Utakitambua kwa kichwa: kipande kirefu cha chuma kimefunika mwanzo wa mpini, halafu mfupa. Kilikuwa kisu cha bei chee. Kwenye Tom Sawyer ya Mark Twain, iliyotoka mwaka 1876, Tom anapewa Barlow cha senti 12 na nusu na Mary kwa kukariri aya za Biblia, na jambo la kwanza analofanya ni kuanza kuchanjachanja kabati. Twain anatania kwamba kisu chenyewe hakikati kitu, na anashangaa wavulana walitoa wapi wazo kwamba kuna mtu anaweza kukighushi. Leo hii Barlow za zamani zinaghushiwa kweli. Twain angecheka sana.

Kisha kikaja cha skauti. Chama cha skauti cha wavulana cha Marekani kilianza mwaka 1910, na mwaka uliofuata tayari kulikuwa na kisu rasmi, kikitengenezwa na New York Knife Company katika mji wa Walden. Baadaye wakaingia Remington, Ulster, Camillus na wengine. Vile vitu vinne vya kisu cha babu ndiyo sura yake ya kawaida, pamoja na pete ya kufungia kamba kiunoni na kibandiko kidogo cha nembo ubavuni. Hakikutolewa hivihivi. Katika skauti ya Marekani mvulana hujifunza kwanza namna ya kumpa mwenzake kisu, kukinoa na kukifunga, ndipo apate kadi iitwayo Totin' Chip inayomruhusu kukibeba. Akifanya uzembe, kiongozi anaweza kukata kona ya kadi. Kwa maana hiyo kisu kilikuwa kama leseni: hapa umeaminiwa.

Miaka ya 1950 runinga ikaharibu mambo, au ikayanogesha, inategemea unamuuliza nani. Zikajaa sokoni visu vyenye picha za cowboy kama Roy Rogers na Hopalong Cassidy kwenye mipini ya plastiki. Vingi vilikuwa dhaifu na picha ilifutika mfukoni haraka. Mimi sivipendi, lakini kimoja chenye picha nzima ni adimu kwa sababu hiyohiyo.

Sasa tuje shingoni. Lifungue bapa, utazame pale linapoingia kwenye mpini. Hapo kiwanda hugonga jina lake, mara nyingi na mji au nchi. Ukijua historia ya viwanda, jina hilo ni kalenda. New York Knife Company ilifunga mwaka 1931, kwa hiyo kisu chenye jina lake na la Walden hakiwezi kuwa cha vita ya pili. Kampuni ya Case ya Bradford, Pennsylvania, ilirahisisha zaidi: mwaka 1970 iligonga vidoti 10 chini ya jina, ikapunguza kidoti kimoja kila mwaka. Ukiona saba, hicho ni cha 1973. Kwa mtu anayekesha na tarehe za Historia, huo ni utamu.

Lakini jina peke yake lisikudanganye. Remington iliuza kitengo chake cha visu mwaka 1940, kisha jina likarudi miaka ya 1980 kwenye visu vilivyoigwa kutoka vile vya zamani. Vilevile kuna mafundi wasio waaminifu wanaochukua mpini wa kisu hiki, bapa la kile, na kugonga jina jipya juu ya chuma kikuukuu. Kwa hiyo hoji kisu kama unavyomhoji shahidi. Je, jina ni kali huku chuma kinacholizunguka kimelika? Je, bapa lina kutu ya miaka huku tundu analoingilia ni jeupe? Ribiti zote zina rangi moja? Bapa likifungwa, ncha inafika karibu na mwisho wa tundu, au limenolewa mpaka limebaki nusu? Halafu sikiliza. Kisu chenye springi nzima hufunguka kwa mshindo na kufungika kwa mshindo, tak! Wakusanyaji husema kisu kinatembea na kuongea. Kisichoongea kimechoka.

Hapa ndipo panaponikera, na naomba niseme wazi. Sokoni kisu cha bei ya juu ni kile ambacho hakijawahi kutumika: bapa kamili, boksi lake, karatasi yake. Yaani kisu cha mvulana kinachopendwa zaidi ni kile ambacho hakuna mvulana aliyekigusa. Alikipata Krismasi, mama akakifungia kabatini, au mwenyewe akaumwa, au hakukipenda. Kama bidhaa, sawa, naelewa. Kama ushahidi wa utoto wa watu fulani, hakina la kusema zaidi ya kiwanda. Kisu kilicholika upande mmoja kinakuambia mwenye nacho alinoa kwa mkono upi. Ncha iliyovunjika inakuambia alikitumia kama bisibisi ilhali bisibisi ilikuwepo. Herufi mbili zilizochorwa kwenye mpini kwa msumari, kwangu mimi, ni bora kuliko boksi. Bei itanipinga, na ipinge tu.

Ukipata chako, iwe mnadani, kwenye meza ya vyuma vya mtumba au kwa babu yako, fanya kidogo sana. Pangusa vumbi kwa kitambaa cha pamba. Tia tone la mafuta mepesi ya mashine kwenye maungio, fungua na kufunga polepole. Kutu nyekundu ilainishe kwa mafuta siku kadhaa, kisha itoe taratibu kwa kitu laini kuliko chuma, kama kipande cha shaba. Ule weusi wa kijivu uache. Huo si uchafu, ni ngozi ya chuma na unakilinda. Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa dawa za kulainishia ngozi hula chuma. Na kama mpini ni wa seluloidi, ile plastiki ya kale yenye rangirangi kama lulu, kitenge peke yake. Seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke wenye asidi, na kisu kimoja kinaweza kuwaozesha majirani wote ndani ya droo.

Msasa, jiwe la mashine, dawa ya kung'arishia: hapana.

Kuhusu hela, kwa boom letu hili sikushauri uanze na Remington. Anza na kuangalia picha nyingi mpaka macho yazoee. Na ukinunua, kiache nyumbani. Askari wa getini hatasubiri umweleze habari za Walden, New York.

Kisu cha babu nimejaribu kukitambua kwa kilichobaki: umbo la kifungua kopo, mikato ya mpini, nembo ya ubavuni. Nimefika kwenye viwanda viwili, na pale barabara imekatika, maana tofauti yao ilikuwa shingoni. Nilipomweleza babu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nimletee sahani.

Amerudi kukitumia. Anamenyea machungwa kila jioni, hakipangusi vizuri, na asidi ya chungwa imeanza kulitia bapa weusi upya, kuanzia kwenye makali kwenda juu. Mara ya mwisho nilipokiangalia, ulikuwa umefika karibu na shingo.