SOMO: KWA NINI PEDI MPYA ZA BREKI LAZIMA ZIPITE MOTONI



Wapendwa wanakamati na wafadhili wetu, swali moja hutufikia mara kwa mara katika ofisi ya miradi: inakuwaje gari la usharika lililofungwa pedi mpya za breki lisishike vizuri linapoteremka mlima kwa mara ya kwanza? Wengine humlaumu fundi, wengine dereva. Somo hili linaeleza sababu iliyo ndani ya pedi yenyewe.

Kazi ya breki

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Mathalani, gari la tani 3 likitoka Lushoto kwenda Mombo hushuka kimo cha karibu mita 1,000. Kama breki peke yake ndiyo ingelizuia lisiongeze kasi, joto ambalo lingetokea lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 80 za maji. Joto hilo huanzia pale pedi inapokutana na diski, penye upana wa kiganja tu.

Tatizo la pedi mpya

Pedi hutengenezwa kwa unga wa madini, nyuzi na mpira, vikashikanishwa kwa gundi ngumu iitwayo fenoliki. Joto likizidi nyuzi 300 hivi, gundi hiyo huanza kuungua na kutoa gesi. Katika pedi mpya, gundi ya usoni haijaungua bado. Ikipata joto kali kwa mara ya kwanza, gesi hujaa kati ya pedi na diski kama utando. Dereva hukanyaga, pedali ni ngumu kama kawaida, lakini gari halishiki. (Pedali ikizama na kuwa laini, hilo ni tatizo jingine: huenda mafuta ya breki yamechemka au yameingia hewa.)

Viwanda hufanyaje?

Viwanda makini huunguza uso wa pedi kabla ya kuifungasha. Njia za siku nyingi, ambazo bado zinatumika, ni bamba la chuma lenye moto mkali au tanuri. Ugumu wake ni kuunguza uso wote kwa usawa bila joto kuzama ndani na kudhoofisha gundi inayoishikilia pedi.

Njia mpya zaidi ni leza, yaani mwale wa mwanga wenye nguvu nyingi uliokusanywa mahali padogo. Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960. Mwale huo hupita juu ya pedi mstari kwa mstari, kompyuta ikiongoza kasi na nguvu yake. Tabaka jembamba la juu huungua, na sehemu ya ndani hubaki imara.

Sisi tufanye nini?

1. Tununue pedi kwa muuzaji anayejulikana, na tuulize kama uso wake umeunguzwa kiwandani. Rangi nzuri na boksi zuri havithibitishi lolote.

2. Tukatae pedi zenye asbesto. Vumbi lake huleta saratani, na fundi ndiye anayelivuta kwanza. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999.

3. Hata pedi iliyopita kwenye leza huhitaji kuzoeana na diski. Kabla ya kupakia abiria, dereva afunge breki taratibu mara kumi au zaidi kwenye barabara tambarare isiyo na magari, akiziacha zipoe kila mara.

4. Mlimani, dereva aingize gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, ili injini isaidie kuzuia gari.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: gari hutolewa mara moja, lakini pedi huisha na kununuliwa tena na tena. Bajeti inapopunguzwa, fungu la vipuri huwa la kwanza kukatwa, na anayebeba hatari hiyo ni mama mjamzito anayepelekwa hospitali.

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mjenzi wa nyumba mpya aweke ukuta kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Gari la usharika nalo lina dari yake.

Maswali ya kujadili katika kamati

- Nani hununua vipuri vya gari letu, na huchagua kwa kuangalia nini?
- Pedi zilibadilishwa lini? Je, imeandikwa kwenye daftari la gari?
- Fungu la matengenezo la mwaka huu linatosha?