Kabla ya Kusasisha Simu, Kagua Programu za Zamani

Mfumo endeshi ndio msingi unaobeba programu zote za simu. Msingi ukibadilishwa, programu iliyotelekezwa na watengenezaji wake huweza kukwama. Mwaka 2017, toleo la iOS 11 la simu za iPhone liliacha kufungua programu za biti 32. Android 14, iliyotolewa mwaka 2023, hairuhusu kuweka katika simu programu zilizoundwa kwa matoleo ya kabla ya Android 6. Zilizokuwamo tangu awali hubaki. Kwa hiyo, mweka hazina wa kikundi anayetunza hesabu za wanachama katika programu ya zamani asiifute, kwani huenda isirudi tena. Anapaswa kwanza kuzinakili hesabu hizo daftarini, ndipo akubali kusasisha simu yake.