Radi na Mlingoti
Radi hupasuaje mlingoti wa mti? Umeme ukipita ndani yake, unyevu uliomo huchemka ghafla ukawa mvuke, nao mvuke hutafuta pa kutokea. Mwingereza William Snow Harris alipachika mabamba ya shaba kutoka ncha ya mlingoti hadi kwenye shaba iliyofunika chini ya meli, inayogusa bahari. Meli ya Beagle (ndiyo iliyomchukua Darwin, 1831 hadi 1836) ilifungwa mabamba hayo. Tusidhani shaba hufukuza radi. Huipa njia tu. Njia hiyo isikatike wala isipinde ghafla, maana radi huruka pembeni, pengine kwa baharia. Sisi tunaopanda majahazi yasiyo na shaba, ngurumo zikianza tukae mbali na mlingoti na kamba zilizolowa.