Pambizo katika Upangaji wa Kurasa: Istilahi na Athari Zake kwa Ushairi

Pambizo ni nafasi tupu inayoizunguka matini ukurasani. Katika kitabu, istilahi 'pambizo la kushoto' na 'la kulia' hazitoshi. Pambizo la ndani, lililo upande wa mshono, huwa kushoto mwa ukurasa wa witiri na kulia mwa ukurasa wa shufwa. Hilo ndilo huongezewa nafasi ya kujalidia.

Programu ya LaTeX huwatatiza wengi kwa kuwa kipimo chake cha pambizo la kushoto huanzia inchi 1 (sm 2.54) kutoka ukingo wa karatasi. Anayetaka pambizo la sm 3 huandika sm 0.46, akiandika sm 3, hupata sm 5.54.

Je, haya yana uzito gani kwa mwanafasihi? Karatasi ya A4 ina upana wa sm 21 pekee. Mapambizo yakipanuka kupita kiasi, mshororo wa mizani 16 hukatika na utao huangukia mstari wa chini. Tarbia yenye mishororo minne huonekana kuwa na minane, na msomaji hulidhania kosa la mpangaji kuwa bahari nyingine. Kwa hivyo, mapambizo ya diwani yapimwe kwa mshororo mrefu zaidi, si kwa mazoea.