Somo la 9: Umbali wa Angani na Umbali wa Barabarani

Mkulima wa pamba wa Maswa, mkoani Simiyu, akiuliza Dar es Salaam iko umbali gani, aweza kupewa majibu mawili. Mtu mmoja atasema kilometa 730. Mwingine atasema zaidi ya kilometa 1,000. Je, ni nani aliyekosea? Fanya jaribio hili upate jibu.

Jaribio

Vifaa: ramani ya Tanzania yenye barabara kuu, rula, uzi na kalamu.

1. Weka rula kutoka Maswa hadi Dar es Salaam. Andika idadi ya sentimeta.
2. Laza uzi juu ya barabara kutoka Maswa, upite Shinyanga, Nzega, Singida, Manyoni, Dodoma na Morogoro, hadi Dar es Salaam. Tia alama mahali uzi unapoishia, kisha unyoshe na uupime.
3. Soma kipimio cha ramani, kisha zidisha.

Tuseme sentimeta 1 ya ramani ni kilometa 50 za ardhini. Rula itaonyesha kama sentimeta 14.6, yaani 14.6 × 50 = kilometa 730. Uzi utaonyesha karibu sentimeta 20, yaani 20 × 50 = kilometa 1,000. Mita ya gari itazidi hapo, kwa kuwa ramani haionyeshi kona zote.

Maelezo

Watu wale wawili wamesema kweli. Wa kwanza ametaja umbali wa angani. Wa pili, umbali wa barabarani. Mstari ulionyooka ndio njia fupi kuliko zote. Mstari wetu hupita mbali kaskazini ya Dodoma na kukata Bonde la Ufa. Barabara haiwezi kufanya hivyo. Huzunguka milima, hufuata madaraja, na hupinda ili ipite katika miji.

Umuhimu wake

Tuseme lori hutumia lita 1 ya mafuta kwa kila kilometa 3. Dereva atokaye Maswa akihesabu kilometa 730, atachukua lita 244 tu, na mafuta yatamwishia kabla hajafika Morogoro.

Sasa tazama Ziwa Victoria, jirani na Simiyu. Katika majaribio ya mwaka 2018, ndege ndogo isiyo na rubani ilipeleka dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe. Njia ya angani ilikuwa kilometa 60, na ndege iliruka kwa wastani wa dakika 40. Njia ya kuzunguka ziwa ilikuwa kilometa 240, na safari yake huchukua kama saa 6. Mgonjwa anayengoja dawa huijua vema tofauti hiyo. Hata hivyo, ndege ile hubeba kilo chache tu. Marobota ya pamba ya Maswa hayana budi kupita barabarani au relini.

Maswali

1. Kwa nini umbali wa barabarani hauwezi kuwa mfupi kuliko wa angani?
2. Njia ya kuzunguka ziwa hadi Ukerewe ni mara ngapi ya njia ya angani?
3. Gari likienda kilometa 50 kwa saa, litamaliza kilometa 1,000 kwa saa ngapi?
4. Chora njia unayopita kutoka nyumbani hadi shuleni, kisha chora mstari ulionyooka. Ni kitu gani kinachokuzuia kuufuata mstari huo?