Saratani imekatwa utumboni, mbona imetokea kwenye ini?

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yangu ana miaka 61. Mwaka jana alipasuliwa saratani ya utumbo mpana, tukaambiwa uvimbe wote umetoka. Sasa kipimo kimeonyesha madoa mawili kwenye ini. Daktari wake anataka kumwongezea dawa ya kuzuia uvimbe usiote mishipa ya damu, na bei yake imetutisha hadi tunafikiria kuuza kiwanja. Imefikaje huko? Na dawa hiyo haitaiharibu mishipa yake mingine? Kaka yangu wa miaka 44 naye hutokwa na damu chooni, lakini anasema ni bawasiri.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Aliyempasua baba yenu huenda alitoa kila kilichoonekana. Tatizo ni zile chembe zisizoonekana, ambazo mara nyingi huwa zimeshaondoka kabla ya siku ya upasuaji. Damu inayotoka kwenye utumbo mpana hairudi moja kwa moja kwenye moyo. Hupitia kwanza kwenye ini. Ndiyo maana saratani hii ikisambaa, ini ndilo hushikwa mara nyingi zaidi.

Mwaka 1971 daktari wa upasuaji wa Marekani, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua zaidi ya milimita 1 au 2 bila kujipatia mishipa mipya ya damu. Wengi walimpinga, lakini alikuwa sahihi. Chembe za ndani ya uvimbe zikikosa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, nayo huifanya mishipa ya jirani ichipue matawi kuelekea kwenye uvimbe. Matawi hayo ni kama mfereji uliochimbwa usiku mmoja: yamepinda na yanavuja, na chembe za saratani hupenya humo zikaingia kwenye damu. Mishipa inayoulisha uvimbe ndiyo hiyohiyo inayoutawanya.

Dawa mliyotajiwa bila shaka ni bevacizumab au ya jamii yake. Hutolewa kwa dripu kila baada ya wiki 2 au 3, pamoja na tibakemikali, na kazi yake ni kuinasa VEGF. Mishipa mingi ya mtu mzima imeshatulia, kwa hiyo haikatiki. Hata hivyo presha hupanda, vidonda huchelewa kupona, na kwa wachache utumbo hutoboka. Hakikisheni anapimwa presha kila anapokwenda kwenye dripu. Tumbo likimshika ghafla kwa maumivu makali, msingoje asubuhi.

Sasa kiwanja. Utafiti uliofanya dawa hii ikubaliwe Marekani, Februari 2004, ulihusu wagonjwa zaidi ya 800 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa. Waliopata tibakemikali peke yake waliishi wastani wa miezi 15.6, walioongezewa dawa hii, 20.3. Matibabu yameendelea tangu hapo, lakini faida ya dawa hii bado huhesabiwa kwa miezi. Siidharau: karibu miezi mitano ya kukaa na mzazi ni mingi. Ila uzeni mkiwa mnaijua hesabu hiyo.

Na kabla ya kuuza, muulizeni daktari wake: je, madoa haya mawili yanaweza kukatwa? Kipande cha ini kikitolewa, ini lililobaki hukua tena, na baadhi ya waliofanyiwa hivyo wameishi miaka mingi, wengine wamepona kabisa. Jibu likiwa ndiyo, bevacizumab lazima isimamishwe angalau wiki 4 kabla ya upasuaji, la sivyo kidonda kitasumbua. Mtaona kwa nini swali hili linatangulia. Muulizeni pia mfamasia kama kuna dawa pacha kutoka viwanda vingine. Kwa kawaida bei yake ni nafuu.

Kaka yako ananitia wasiwasi zaidi. Bawasiri hutoa damu, ni kweli, na saratani pia hutoa damu. Mtoto wa mgonjwa wa saratani hii hushauriwa kuchunguzwa utumbo kwa kamera kuanzia miaka 40, hata kama hana dalili yoyote. Yeye ameshaupita umri huo na dalili anayo. Kinyama cha utumboni kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi kugeuka saratani, na daktari akikiona kwa kamera hukikata papo hapo. Aache kujinunulia dawa dukani, aende hospitali wiki hii. Wewe hukutaja umri wako. Kama umefika 40, nendeni pamoja.